Macho ya Baba Mkwe na Kilengeo Kilichokaa Upande

Mshauri wetu wa kila Alhamisi, shikamoo. Kabla hujakunja uso naomba unisikilize mpaka mwisho, maana najua safu yako ni ya wenye ndoa zinazovuja na wenye wivu na waliokimbiwa, na langu mimi linahusu bunduki, lakini usishtuke, sijaua mtu, ni bunduki ya upepo tu, ile ya zamani ya kukunja mtutu, ya kulengea makopo, na aliyeumia ni baba mkwe wangu, ambaye mpaka leo hajui kwamba niliyemuumiza ni mimi, na bado ananiombea dua.

Mimi ni fundi cherehani. Natengeneza cherehani, sishoni, na hilo hulisema mapema kwa sababu watu huniletea suruali. Nina kibanda changu, nina bisibisi za kila saizi, nina mafuta, na nina ugonjwa mmoja ambao mke wangu anauita kimbelembele: mtu akisema kitu kimeharibika, mdomo wangu hujibu "lete" kabla kichwa hakijauliza ni kitu gani. Nimeshasema "lete" kwa pasi, kwa redio, kwa kiti cha daktari wa meno, na siku nilipokwenda kujitambulisha ukweni niliukuta mlango wa baba mkwe unakwaruza sakafu, nikasema "leteni bisibisi", nikautengeneza, na tangu siku hiyo ukoo mzima wa mke wangu unaniita Mkwe Fundi, na jina likishakukaa, mshauri, kulivua si mchezo.

Baba mkwe ni mwandishi wa mabango. Miaka arobaini ameandika kwa brashi majina ya maduka, saluni, shule na gereji, na herufi zake zimenyooka kiasi kwamba hata wenye mashine za kuchapa husimama kuzitazama. Starehe yake ni moja tu, bunduki ya upepo aliyoachiwa na marehemu baba yake, ambayo huitundika sebuleni juu ya redio, na kila Jumamosi asubuhi huishusha, wakaenda uani yeye na jirani yake mstaafu wa posta, kila mtu na bunduki yake, wakapanga makopo mbele ya ubao mnene ulioegemezwa kwenye lundo la mchanga, wakashindana mpaka chai ya saa nne. Mzee wa posta hajawahi kumshinda. Sasa mwaka huu baba mkwe akaanza kukosa kopo moja, mara mawili, na badala ya kusema umri umekwenda akasema tatizo ni kile kilengeo cha mbele, yaani kile kidude cha chuma kilichosimama kwenye ncha ya mtutu, ambacho unakioanisha na mwenzake wa nyuma unapolenga, kwamba eti kimelika kimekuwa chembamba, hakionekani. Akatafuta kingine kinene kwa wauza vyuma chakavu, akaniita, akakiweka kiganjani mwangu, akasema, "Mkwe, wewe si fundi? Toa hiki, weka hiki."

Nikasema "lete".

Mshauri, sijawahi kushika bunduki ya aina yoyote. Nilipofika kibandani jambo la kwanza nikaukunja ule mtutu nione unavyofanya kazi, ukalia kwa ndani kama kitu kinajikaza, nikaurudisha, nikajiona nimeshaielewa bunduki yote. Kilengeo cha zamani kilikuwa kimechomekwa kwenye mfuo juu ya mtutu, kimebana, basi nikaibana bunduki katikati ya magoti, nikachukua msumari wa inchi nne na nyundo nikaanza kukigonga kitoke, hakitoki, nikaongeza nguvu, hakitoki, nikasema huyu hanijui mimi, nikashusha nyundo ya tatu kwa hasira, bunduki ikalia PWAA, na ndoo ya maji ya mke wangu iliyokuwa mlangoni ikaanza kuvuja pande mbili.

Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu. Mke wangu aliporudi nikamwambia ndoo za siku hizi plastiki yake ni ya kudanganyia watu, akaibeba akaenda kumgombeza aliyemuuzia, na yule maskini akaomba radhi na kumpa nyingine.

Ningeishia pale. Sikuishia. Niliendelea kugonga mpaka kilengeo kikatoka kimevunjika, na chini yake nikaona kumbe kulikuwa na kaskrubu kadogo kalikofunikwa na rangi ya zamani, nako kamekatikia ndani. Kile kipya kikawa kinene, hakiingii kwenye mfuo, nikakipiga tupa, nikazidisha, kikawa kinacheza kama jino la mtoto, basi nikachukua gundi ile inayonata papo hapo nikakigandisha, ikakauka kabla sijakinyoosha. Kikakaa upande wa kushoto. Kidogo tu, unene wa ukucha. Nikakitazama kwa jicho hili, nikakitazama kwa jicho lile, nikasema hii ni karibu sawa, na hiyo karibu sawa ndiyo imenilisha kwenye cherehani za watu miaka kumi na miwili. Nikapaka mafuta ile mikwaruzo ya msumari, nikaifunga bunduki kwa kitambaa cheupe, nikaipeleka kwa heshima zote, na mama mkwe akapiga kigelegele.

Jumamosi ikafika. Tulikuwepo mimi, mke wangu, shemeji yangu ambaye ni kaka wa mke wangu, na mzee wa posta. Baba mkwe akapiga virisasi kumi. Mshauri, hakuna kopo lililotikisika. Vyote kumi vilikwenda kulia, vikautoboa ubao sehemu moja mpaka pakawa na tundu la kuingiza kidole gumba. Mzee wa posta alianza kucheka, akauona uso wa mwenzake, akaacha. Baba mkwe akailaza bunduki mezani taratibu, akavuta kiti, akakaa, akasema, "Basi. Macho yamekwisha." Na mimi nimesimama pale na kikombe cha chai mkononi, ninayejua kila kitu, nikafungua mdomo nikasema, "Pole, baba."

Tangu hapo nyumba ile imegeuka wodi, na leo ninapoandika, Jumatatu, ni siku ya tisa. Mama mkwe amefunga mapazia yote kwa sababu amesikia mwanga unamaliza macho. Anamshika mkono kumpeleka chooni. Gazeti anamsomea yeye, kuanzia ukurasa wa mbele mpaka matangazo ya vifo. Shemeji amechukua funguo za pikipiki ya baba yake, kwa usalama wa mzee, na anaiendesha kutwa nzima kwa uchungu mkubwa. Walimpeleka kwa daktari wa macho, akasoma herufi zote ukutani mpaka yale maandishi madogo ya kiwanda kilichochapa karatasi, daktari akasema mzee, kwa umri wako haya ni macho ya kujivunia, tafuta miwani ya kusomea nenda zako. Baba mkwe akakataa katakata. "Herufi ni kazi yangu," akasema, "hizo nazijua hata nikifumba macho. Bunduki haimwonei mtu haya." Juzi, katika giza la mapazia, kutoka upande wa pili wa sebule, akaniambia shati langu limepoteza kifungo cha tatu. Tukaangalia, kweli kifungo hakipo, tukatazamana sote. Akasema amebahatisha.

Kazi ameiacha. Kuna bango la duka la dawa aliliacha njiani, limeandikwa DUKA LA DA, na mwenye duka amelitundika hivyo hivyo kwa kuwa hana roho ya kumsumbua mgonjwa, sasa watu wanaingia kuuliza kama ni duka la dada. Hatoki, hali vizuri, hataki hata kusikia redio. Jana nimemkuta amekaa peke yake, mikono imelala mapajani, na kidole kimoja kinaandika herufi juu ya goti, kinaandika, kinafuta, kinaandika tena. Nilitoka nje nikajifanya naongea na simu.

Jumapili hii ameita kikao cha familia. Brashi zake atazigawa, na bunduki ya marehemu baba yake amesema atanikabidhi mimi mbele ya watu wote, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki na macho na mikono ya kuitunza. Mke wangu ameshanunua msumari wa kuitundikia.

Naomba unisaidie kabla ya siku hiyo. Nimepanga hivi: niiombe bunduki kwa kisingizio cha kuipaka mafuta, nikitoe kile kilengeo kimyakimya, nikigandishe sawasawa, nimrudishie nimwambie baba jaribu mara ya mwisho, akipiga kopo tuseme ni yale matone ya macho aliyonunuliwa na mama mkwe, kila mtu afurahi, asiaibike mtu. Kwa hiyo naomba unieleze namna ya kutoa na kuweka kilengeo cha bunduki ya zamani bila kelele na bila kuacha alama. Au unaona bora ninyamaze kabisa, maana wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite? Mke wangu ananiheshimu kwa jina hili la ufundi. Nikivuliwa sijui nitabaki nani.

Ni mimi, mkwe niliyejipalia makaa.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mkwe Fundi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, sikufichi, hasa nilipofika kwenye ndoo. Mara ya pili nilifika kwa yule mzee anayeandika juu ya goti lake, na hamu ya kucheka ikaniisha, nikatamani nikupate nikufinye.

Mimi bunduki sizijui. Lakini kaka yangu tumbo moja alitunza ghala la klabu ya walenga shabaha kwa miaka ishirini, kwa hiyo nilimpigia simu nikamsomea barua yako neno kwa neno. Pale kwenye magoti na msumari aliuliza, "Huyo mtu bado ana vidole vyote?" Nikamwambia umeandika kwa mkono, nadhani vipo. Akasema, "Basi mama yake anamwombea sana."

Nilipofika kwenye virisasi kumi akanikatiza. "Rudia hapo." Nikarudia: vyote kulia, tundu moja. Akashusha pumzi. "Dada, mtu asiyeona hutawanya. Kimoja juu, kimoja chini, kimoja kwa jirani. Anayepiga kumi mahali pamoja ana macho na mikono ya kijana. Kilengeo cha mbele kikikaa kushoto, risasi inakwenda kulia. Mzee alilenga sawasawa mara zote kumi, chuma ndicho kilichomdanganya." Umesikia hilo? Ushahidi kwamba baba mkwe wako ni mzima uko uani kwake, umetobolewa kwenye ubao, na ninyi nyote mmeupita mkienda kumfungia mapazia.

Sasa huo mpango wako. Uharibu wewe, ufiche wewe, utengeneze kwa siri, kisha ishukuriwe chupa ya matone! Na mwezi ujao akikosa kopo kwa sababu ya upepo, au ana mafua, itakuwaje? Ataamini dawa imeisha nguvu, atarudi gizani, na wewe utazunguka maduka ya dawa kutafuta matone makali zaidi, ukianzia lile duka la dada. Umesema funika kombe. Ndani ya kombe hilo umemfunika mtu, mwanangu. Na usijidanganye kwamba unamkinga mzee na aibu. Unalikinga jina lako, na jina lenyewe ulilipata kwa mlango mmoja.

Isitoshe, mpango huo umeshakufa. Umeniandikia kwamba mama mkwe anamsomea mumewe gazeti kutoka mwanzo hadi mwisho. Gazeti lipi, ulijiuliza? Mimi nimekuficha jina kama ninavyowaficha wote, lakini DUKA LA DA sikuweza kuifuta, kwa sababu bila hiyo watu hawataamini. Kwa hiyo kama unasoma haya na kifungua kinywa bado hakijaandaliwa ukweni wala gazeti halijafunguliwa, una bahati kuliko unavyostahili.

Kwa hiyo ya kimyakimya sikufundishi. Nitakufundisha ya mchana, uani, mzee akiwa amekaa kando yako.

Anza na bunduki kabla ya nyundo. Bunduki ya upepo nayo ni bunduki. Ule mlio uliousikia ulipoukunja mtutu ilikuwa springi inajikaza, yaani uliiandaa kufyatuka, na kirisasi kilikuwa kimesahaulika ndani, kosa ambalo mzee naye nitamgombeza siku yake. Ukaikumbatia kwa magoti ukaitwanga nyundo. Hebu kaa ufikirie mtutu ule ungeweza kuelekea wapi. Siku nyingine ichukulie ina risasi hata kama malaika amekuapia haina. Ielekeze kwenye mchanga. Ukunje mtutu kidogo tu, uchungulie nyuma yake kama mna kitu, uurudishe kabla haujalia, na muda wote huo mkono wako usiuachie, kwa sababu bunduki kuukuu kifyatulio chake kinaweza kuteleza, mtutu ukaruka kurudi mahali pake, na vidole vikawa katikati. Ndiyo maana kaka aliuliza. Ikiwa springi imekwisha kukazwa, usigonge chochote: tia kirisasi, piga mchangani, ndipo uendelee. Usiifyatue tupu, kaka anasema springi inajigonga bila mto wa hewa na bunduki ya zamani haivumilii hilo.

Gundi yako haitoki kwa nyundo. Chovya pamba kwenye dawa ya kufutia rangi ya kucha, ya mkeo, na umwombe, usimwibie, uifunge pale kwenye kilengeo iloweke mpaka ilegee. Kitako cha mbao ukifunike vizuri maana dawa hiyo inakula vanishi. Kisha mtutu ubanwe kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, umevishwa vipande vya mbao au ngozi usichubuke, karibu kabisa na pale utakapogonga ili pigo lisiupinde. Magoti si jiliwa. Vaa miwani ya kazi. Chora mstari mwembamba wa penseli kuonyesha katikati ya mtutu ni wapi, na mara zote kabla ya kugonga kilengeo chochote kilichokataa, safisha uchafu na rangi, utazame kwa kioo cha kukuzia kama kuna skrubu au pini. Chuma hakina kiburi. Kikikataa kina sababu, na kazi ya fundi ni kuiuliza hiyo sababu. Kama ni kutu, dondoshea mafuta ya kulegeza, uende ukanywe chai.

Msumari urudishe ulikoutoa. Kinachotumika ni kipande cha shaba, kama penseli nene, kwa sababu shaba ni laini kuliko mtutu, ukikosea inaumia yenyewe. Nyundo iwe ndogo na mapigo yawe madogo. Ukiwa umesimama nyuma ya bunduki, mafundi wengi hukisukuma kilengeo kitoke kushoto kwenda kulia, na cha kuweka kinaingia kulia kwenda kushoto, lakini tazama kwanza mfuo umepanuka upande gani usije ukashindana nao. Kipya kiingie kwa vidole mpaka karibu nusu, kisha ndiyo nyundo. Kikiwa kinene, tupa inapita mara mbili, unajaribu, inapita mara mbili tena, unajaribu. Wewe ulishakimaliza, kinacheza, basi usikimbilie gundi: kata kijibati cha shaba chembamba kama karatasi, kilaze chini yake kwenye mfuo, kitabana. Na ile skrubu iliyokatikia ndani usiiguse kabisa. Hiyo ni ya fundi wa bunduki mwenye kibali, na ukishafika kwake, kama mikono inakutetemeka, mwachie na kazi yote iliyobaki. Fundi kusema "hii siiwezi" si aibu hata kidogo. Kuna nyumba zina ndoo nzima mpaka leo kwa sababu baba mwenye nyumba alisema hivyo.

Inabaki kunyoosha, na hapo wewe, bwana karibu sawa, huna mamlaka. Mtu aliyenyoosha herufi miaka arobaini ndiye atakayenyoosha. Bunduki ilazwe juu ya mfuko wa mchanga, yeye apige vitano kutoka karibu, muangalie vimekwenda wapi. Kilengeo cha mbele hulifuata kosa: virisasi vikienda kulia, nacho kisogezwe kulia. Akisema gusa kidogo, gusa kidogo. Akisema acha, acha. Usibishane naye, usichungulie kwa jicho lile wala hili. Atakuambia mwenyewe ikishakuwa sawa.

Lakini yote hayo ni kazi ya kesho. Leo kuna kazi ya mdomo. Mkeo mwambie kwanza, mkiwa njiani, kwa sentensi moja, na umwambie na ya ndoo, akamwombe radhi yule muuzaji aliyemtukana bure. Unaniuliza ukivuliwa jina utabaki nani. Utabaki mume wake, na fundi cherehani. Wapo wanaoishi kwa kidogo kuliko hicho. Pengine atanuna wiki nzima. Anune. Ule msumari wa kuitundikia bunduki aurudishe dukani au autundikie kanga yake, lakini bunduki ile hutaichukua hata wakikubembeleza.

Ukifika usianze na habari za kazi wala za hali ya hewa. Usitafute shahidi, usimtume shemeji, ambaye kwa mapenzi yake na pikipiki ile hana haraka ya mzee kupona. Mchukue baba mkwe mpaka uani, na akitaka kushikwa mkono mwambie atembee mwenyewe. Msimamishe mbele ya ubao, mwonyeshe lile tundu, umwambie, "Baba, macho yako ni mazima. Kilengeo nilikiweka upande mimi, na nilijua." Hilo la mwisho usilimeze, ndilo gumu na ndilo deni lako. Kisha ufunge mdomo. Akifoka, nyamaza. Akilia, nyamaza. Usimwambie ulikusudia mema, na neno "lakini" liache nyumbani kwako.

Mtu mwenye macho mazima ameketi gizani, leo siku ya kumi na mbili. Vaa viatu.